Siku Tisa Ndani ya Lango la Mkwe

Ninyi wa saluni ya Galerie d'Ixelles mmenichosha. Kila nikikaa kwenye kiti, maji hayajagusa hata nywele, mmoja ananiuliza kule milimani ilikuwa namna gani. Nikianza kueleza, mashine ya kukausha nywele inawashwa, nasimulia nusu, na nusu hiyo inafika Molenbeek ikiwa imeota pembe. Juzi mama mmoja kanisani alinipa pole kwa kufungwa jela. Sikufungwa jela. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, mpitishane. Nilifundisha shule ya msingi Likasi miaka mingi kabla sijaja kuwaosha wazee wa Bruxelles, na mwandiko wangu bado unasomeka.

Mnamjua Renbeni, mke wa mwanangu Patrick. Wengine wenu mpaka leo mnamwita Mchina, na yeye kwa adabu yake anaitika. Ni Mnaga wa kabila la Walotha, kutoka milima ya kaskazini mashariki mwa India, upande wa kuelekea Burma. Walijuana Louvain wakisoma, wakaoana pale commune, ofisini kwa serikali ya mtaa, Jumamosi moja ya mwaka 2010, na baba yake akapata habari kwa picha. Picha! Hakuna mtu aliyekwenda kumwomba binti yake. Baba huyo ni mjane, alimlea peke yake tangu akiwa mdogo, na baada ya kuiona ile picha alinyamaza. Kwa miaka mitatu hakujibu barua wala simu. Renbeni alikuwa anakuja kwangu Jumapili, anapika, anajifunza Kiswahili chetu, anacheka na kila mtu, halafu anaingia bafuni, anafungulia maji na kulia. Nilikuwa namsikia. Na aibu ilikuwa yangu pia, maana kwetu Katanga wazazi wa mwanaume ndio wanaotangulia, na mimi nilikaa tu nikisema hayo ni mambo ya vijana wa siku hizi.

Aliyetuonyesha njia ni mke wa baba yake mdogo. Alipiga simu akasema tuende wakati wa Tokhu Emong, sikukuu yao ya baada ya mavuno, mwanzoni mwa Novemba. Mpunga unakuwa umeshaingia ghalani, na kwa siku tisa watu wanashukuru, wanakula pamoja na kumaliza ugomvi wa mwaka. Kama baba mtu hatalegea wakati huo, alisema, hatalegea tena. Patrick nikamwambia abaki na kazi yake, kwa sababu mwenye kuoa hatangulii. Tukaenda wawili, mimi na mkwe wangu.

Gare du Midi hadi Delhi

Kwenye treni ya kwenda uwanja wa ndege nilipekua sanduku mara mbili. Vitenge vya wax nilivyochagua Matonge vilikuwepo, chokoleti ilikuwepo, na chupa ya pilipili niliyosaga mwenyewe ilikuwepo, nimeizungushia soksi tatu. Niliogopa nitakula chakula kisicho na ladha. Renbeni aliitazama ile chupa, akafumba mdomo, akageukia dirishani mabega yakimtikisika. Nilidhani anaogopa safari. Baadaye niligundua alikuwa ananicheka.

Delhi ilitupokea kwa ukungu. Ndege ya kutupeleka Dimapur ilitangazwa, ikaahirishwa, ikatangazwa, ikafutwa. Tulikaa pale siku nzima, siku ambayo hatukuwa nayo. Mzee mmoja wa kilemba cha rangi ya machungwa, aliyekuwa akimngoja mjukuu wake, alifungua kopo akatugawia chapati zilizojazwa viazi, bila kutuuliza majina. Halafu akamwuliza Renbeni kama ni Mjapani. Kabla ya jua kuchwa wengine watatu walikuwa wamemwuliza ametoka nchi gani, na mmoja wao alikuwa mlinzi. Mimi, na weusi wangu huu, hakuna aliyeniuliza kitu. Nilimwambia, mwanangu, hapa mgeni ni wewe, mimi ni mwenyeji. Alicheka, lakini si sana.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: kufika kijijini siku mbili kabla ya sikukuu, kuzungumza na baba, kuomba msamaha, kula siku ya kwanza na kuondoka. Tuliposhuka Dimapur, siku zile mbili zilikuwa zimebaki moja.

Dimapur hadi Wokha, na mbele

Huko milimani watu wanasafiri kwa jipu moja refu wanaloliita Sumo. Tulipakiwa kumi, pamoja na kuku wawili na bati la paa. Barabara inapanda, inazunguka, inashuka, inapanda tena, na kila kona kuna kibao cha kumkumbusha dereva kwamba ana mke nyumbani. Sijui kama wetu alikuwa naye.

Karibu saa nane mchana tukakuta udongo wa mlima umeshuka na kufunga njia. Abiria walishuka bila kunung'unika, kama watu wanaotoka kanisani. Mama mmoja akawasha moto kando ya barabara, akachemsha chai, na kila mtu akatoa alichonacho. Nilipewa wali unaonata uliofungwa kwenye jani, na kando yake kitoweo cha machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa. Harufu yake inakupiga kofi kwanza, utamu unakuja baadaye, na ukija hauondoki. Mimi nami nikatoa pilipili yangu kwa mbwembwe. Walionja, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakanipa ya kwao. Wapendwa, nililia. Nililia mpaka pua, mpaka dereva akaleta maji. Nilichokuwa nimebeba ndani ya soksi tatu ni tomato.

Tulilala mle mle ndani ya jipu, na asubuhi koleo na mikono ya watu ikafungua njia. Tulipopita Wokha na kuanza kushuka kuelekea bonde la mto Doyang, niliona nyaya za umeme zimejaa vipanga wadogo, mmoja kando ya mwingine, wengine wakizunguka juu hadi mbingu ikawa na madoadoa. Dereva alieleza, Renbeni akanitafsiria, kwamba ndege hao wanapumzika hapo kila mwaka wakati wa mavuno, kisha wanavuka bahari kwenda Afrika. Zamani watu waliwatega kwa maelfu, sasa kijiji baada ya kijiji wanaacha. Sisi tumezoea kudhani kwamba wanaosafiri mbali ni sisi tu.

Langoni

Kijiji kiko juu ya mgongo wa kilima, na mlango wake ni lango la mawe na mbao nene. Tulifika jua likiwa limeinama. Aliyetupokea ni baba mdogo wa Renbeni, mtu mpole mwenye shali nyekundu na nyeusi begani. Alimshika Renbeni mikono yote miwili, halafu akaangalia jua na uso ukabadilika. Alisema maneno machache. Renbeni hakutafsiri.

Nikamwuliza anasema nini. Akasema mzee anasema tuchague: tuondoke kabla jua halijazama, ama tubaki.

Mimi damu ilinipanda. Niliona tunafukuzwa. Siku nne njiani, mgongo umekwisha, halafu mtu ananionyesha jua! Nikaweka sanduku chini katikati ya lango, nikalikalia. Nikamwambia Renbeni amweleze kwamba sikutoka Bruxelles kuja kuangalia mbao.

Yule mzee alicheka mpaka akashika goti. Hakuwa anatufukuza. Ni sheria yao ya tangu zamani: Tokhu ikianza, mgeni aliyeko kijijini ana mambo mawili tu, aondoke kabla ya jua kuzama ama abaki mpaka siku ya mwisho, akiwa mgeni wa kijiji kizima. Atalishwa, atalazwa, hakuna atakayemwonyesha mlango. Lakini hatoki. Alitaka tujue kabla hatujaingia.

Ndege yetu ya kurudi ilikuwa siku ya tano ya sikukuu. Mkuu wangu wa kazi ana sauti ambayo mnaijua, maana nimewaigizia. Renbeni alinitazama, macho yake yakaniuliza. Nikaona kwamba ule ukungu na ule udongo, ambavyo nilikuwa nimevilaani kwa majina, vilikuwa vimetuleta saa ileile inayofaa. Baba mtu asingeweza kutuambia tuondoke. Nikanyanyua sanduku nikaingia.

Jioni ya kwanza: kosa langu

Tulilazwa kwa baba mdogo. Nyumba ya baba mwenyewe ilikuwa ya tatu kutoka hapo, na mlango wake ulikuwa wazi, lakini hakutoka. Renbeni akaenda kuoga. Nikabaki jikoni na mama mdogo wake, yule aliyetupigia simu, yeye bila neno la Kifaransa, mimi bila neno la Kilotha, tukitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Hapo akaletewa kifurushi cha jani, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili na kunionyesha ile nyumba ya tatu. Nikafungua. Vipande sita vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, vinang'aa kwa mafuta. Mate yalinijaa. Kimetoka kwa mkwe!

Sasa ninyi wa kwetu mnajua. Wakwe hawali kwa wakwe kabla maneno hayajazungumzwa. Ukifika kuomba binti, ukaanza kutafuna kabla hujafungua mdomo kusema, wewe ni mlafi na ukoo wako ni walafi. Mimi nilikuja kuomba binti, miaka mitatu nimechelewa, nikasema angalau hili nitalifanya vizuri. Nikakifunga kile kifurushi, nikagusa kifua changu, nikainamisha kichwa, nikakirudisha mikononi mwa mama mdogo na kumwonyesha nyumba ya tatu. Niliona rangi ya uso wake inaondoka. Alinisukumia tena. Nikadhani ni adabu, kwetu pia tunasukumiana. Nikarudisha kwa nguvu zaidi. Akakichukua, akatoka polepole.

Renbeni aliporudi na nywele mbichi, mama mdogo alikuwa ameketi kando ya moto, mikono kichwani. Waliongea. Kisha Renbeni akanigeukia.

"Maman, ulirudisha nyama yenye Papa alituma?"

"Nilirudisha kwa heshima. Tutakula vipi, na bado hatuyasema neno?"

Akakaa chini. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba wakati wa Tokhu watu wanatumiana nyama, na idadi inasema. Vipande sita ni vya mtu unayemfahamu tu, salamu ya kawaida. Kumi na viwili ni vya mtu ambaye, likimpata jambo, utakuwa upande wake mpaka mwisho. Na yeye akikurudishia kumi na viwili, mmefungana.

"Papa alituma six," alisema. "Ni kidogo, Maman, lakini alituma. Ile ilikuwa mara ya kwanza tangu trois ans, miaka tatu. Na sasa anazania tumekatala amani yake. Siku ya Tokhu."

Nimefanya makosa mengi duniani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu nililifanya nikiwa najivunia adabu yangu.

Siku za katikati

Asubuhi baba mdogo alikwenda kueleza. Alirudi akasema kaka yake amesikia. 

Tuliishi basi, na nisingependa huzuni yangu iwafiche uzuri wa watu wale. Siku ya kwanza mzee wa mila na mzee wa kanisa, wote wawili pamoja, walipita nyumba kwa nyumba na vikapu kukusanya mpunga wa karamu. Kila nyumba inatoa, mwenye kingi na mwenye kidogo, hakuna anayerukwa, kwa sababu kumruka mtu ni kumwambia hana. Walipofika kwetu, mama mdogo alinitilia konzi ya mpunga mkononi ili na mimi nitoe. Mzee wa mila aliutazama mkono wangu, akautazama mpunga, akasema kitu kilichochekesha kila mtu. Renbeni alisema ni baraka. Mimi nilijua si baraka tupu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu kijiji kizima kilitoka kusafisha chemchemi na njia zake, na kurekebisha paa, wakianzia paa za wajane. Niliomba jembe nikapewa panga. Nilifyeka na wanawake wa rika langu, hatuelewani neno, tunaelewana viuno. Mchana tulikula wali, samaki wa mtoni, majani ya kuchemsha yanayofanana na lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na ile mianzi, ambayo kufikia hapo nilikuwa naitafuta kwa pua. Jioni wanaume waliimba kwa zamu, kundi hili likitupa wimbo, kundi lile likiupokea, shali zao zikiyumba pamoja. Nimesikia kwaya nyingi Likasi na Bruxelles. Zile sauti nitakufa nazikumbuka.

Baba wa Renbeni alikuwa katikati ya wale waimbaji, mrefu, mkavu, masikio makubwa. Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Hakumtazama binti yake hata mara moja. Lakini usiku ulipoleta baridi, blanketi lilikuja kutoka nyumba ya tatu, na mama mdogo alituambia aliambiwa ampe "yule mtu aliyezoea nyumba zenye joto". Hakutaja jina. Renbeni alijifunika lile blanketi mpaka kichwani, na sikumfunua.

Siku ya tano ndege yetu ikaondoka bila sisi. Mkuu wangu wa kazi nilimpigia nikiwa juu ya jiwe, mahali pekee penye mtandao. Hayo yaliyosemwa nayaacha juu ya jiwe.

Siku hiyohiyo nilimwomba mama mdogo nyama. Jirani alikuwa amechinja. Niliipika mimi mwenyewe, kwa vitunguu, nyanya na pilipili yao, namna tunavyopika kwetu siku ya ndoa. Nikahesabu kumi na viwili. Mama mdogo alinishika mkono, na Renbeni akatafsiri: kumtumia kumi na viwili mtu aliyekutumia sita ni kujiweka uchi. Asipokujibu, kijiji kizima kitajua. Nikamwambia Renbeni, mkono mtupu haulambwi, na aibu mimi nilishaizoea.

Nilibeba lile jani mwenyewe. Mlangoni kwake nilipiga magoti, kama tunavyofanya kwa wakwe, na miaka hamsini na sita ya magoti yangu ikapiga kelele. Nilisema kwa Kiswahili chetu, Renbeni amesimama nyuma yangu akitafsiri:

"Papa, mutoto wako tulimukamata bila kubisha hodi. Kosa ni yangu, haina yake. Nimekuya kubisha."

Alichukua jani kwa mikono miwili. Alinitazama kwa muda mrefu, mimi, si yeye. Kisha akaingia ndani na mlango ukabaki wazi kama siku zote. Hatukuambiwa tuingie.

Siku ya sita hakuna kitu. Ya saba hakuna. Ya nane walifunga ndoa vijana waliochumbiana mwaka ule, wakacheza mpaka vumbi likawa ukuta, na nilicheza nao kwa sababu nilikuwa nimevaa kitenge na kitenge hakikai. Lakini kila nikigeuka nilimwona Renbeni anaangalia ile nyumba ya tatu. Hakuna jani lililotoka.

Kushuka

Siku ya tisa lango likawa huru. Jipu lilitungoja chini, barabarani. Kijiji kilitusindikiza mpaka langoni, wakanitwika shali, mpunga mpya, na pilipili iliyofungwa vizuri kuliko yangu. Baba mdogo alilia waziwazi. Ndipo watu wakapisha kidogo, na baba wa Renbeni akapita katikati.

Akanipa jani lililofungwa. Mimi, si binti yake. Nikapokea, nikapiga goti, nikashukuru. Renbeni aliniomba kwa macho nilifungue, lakini kwetu zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, na kosa la pili sikulitaka. Tukaanza kushuka. Renbeni alinifuata nyuma, akivuta kamba ya mfuko wake.

Kwenye kona ya kwanza alishindwa. Tukakaa kwenye ukingo wa barabara, tukafungua. Alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Onze," akasema. "Maman, ni onze."

Nilihesabu mimi. Kumi na kimoja. Hakuna hesabu kama hiyo kwao. Si ya mtu unayemfahamu, si ya mtu utakayesimama naye. Nilitafuta ndani ya mikunjo ya jani, nikatafuta kwenye nguo yangu, nikatafuta kwenye vumbi kama mwendawazimu. Renbeni alikuwa ameshafunika uso. Nilimkasirikia yule mzee, nasema kweli, nilimkasirikia kwa moyo wangu wote.

Hapo sauti ikashuka kutoka juu, jina la Renbeni, mara moja, kwa nguvu. Miaka mitatu hakuwa amelitamka. Tukageuka. Baba yake alikuwa amesimama peke yake mbele ya lango, mkono ameuinua, na kwenye kiganja kilichofunguliwa kulikuwa na kipande kimoja cha nyama.

Renbeni alipanda ule mlima akikimbia, viatu vimebaki kwangu. Alipofika, baba yake hakumkumbatia. Alimshika kidevu, akamtia ile nyama mdomoni kwa vidole vyake, na akabaki amemshika hivyo, akimtazama anavyotafuna.

Huko chini dereva alipiga honi, akapiga tena. Akaja mpaka kwangu kuuliza kwa mikono tunangoja nini. Nilikuwa nalia na jani mapajani, na sikuwa na lugha ya kumjibu isipokuwa ya kwetu.

"Ngoja kidogo, papa," nikamwambia. "Baba eko analisha mutoto wake."